Maandishi ya Penseli Nyuma ya Kadi

Nimesikia mnabadilisha mfumo tena. Neema wa mapokezi ndiye aliyenipigia simu, akaniambia hii ya sasa itakuwa mara ya tatu, na nyie vijana mnaojifunza ukutubi mnaomba niwaandikie mawili matatu niliyoyaona kazini. Nikamwambia sawa. Nadhani alitegemea nieleze tulivyoipokea kompyuta ya kwanza kwa soda na maua, na ile picha yangu iliyoko ukutani pale mapokezi, nimeshika mkasi nakata utepe. Hayo mmeshayasikia. Mie nitawaandikia upande wa pili, na mkishamaliza kusoma mtajua wenyewe la kufanya na ile picha.

Naitwa Somoe. Nimezaliwa Temeke, wazazi wangu walitokea Lindi, na kazi ya katalogi nimeifanya tangu nywele nyeusi mpaka macho yakagoma. Wengi wenu hamjui katalogi ilivyokuwaga kabla ya skrini. Lilikuwa kabati la mbao lenye droo nyembamba, ndefu, na kila droo imejaa kadi ngumu zenye ukubwa wa kiganja. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake: nani kakiandika, kinahusu nini, kiko rafu gani. Chini ya kadi kuna tundu, na fimbo ya chuma imepita kwenye matundu yote ili msomaji asichomoe kadi akaondoka nayo. Walikuwa wanazichomoa hivyo hivyo.

Tulikuwa maktaba tano zilizoungana: sie wa Temeke, halafu Kinondoni, Kurasini, Kigamboni na Msasani. Vitabu kila mtu ana vyake, lakini katalogi ni moja. Nikipata kitabu kipya nachapa kadi tano kwa taipureta na karatasi za kaboni, moja inabaki kwangu, nne zinakwenda kwa wenzetu, ile ya Kigamboni inavuka na pantoni. Kwa hiyo mtu wa Msasani anavuta droo kwao, anaona kitabu anachokitaka kiko Kurasini, anaandika ombi, wiki inayofuata kimemfikia. Uzuri wa kushirikiana ni huo. Ubaya wake ni kwamba ukikosea, unakosea mara tano. Maktaba ya Msasani siku hizi ni mgahawa wa samaki, na pale palipokuwa na kabati la kadi wameweka friji la soda.

Mwaka wangu wa kwanza kazini kilikuja kitabu chenye picha ya shamba la mizabibu kwenye jalada, mzee wa kanzu anakata matawi. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Hata kukifungua sikukifungua. Nikakipa namba ya kilimo, nikachapa kadi tano, zikaenda. Kumbe ni kitabu cha mahubiri. Miezi ikapita, mkulima mmoja wa Kimbiji akakirudisha pale Kigamboni, akamwambia mhudumu kwamba amekisoma mpaka ukurasa wa mwisho na hajaona walipoandika habari za mbolea. Habari ikavuka maji ikanifikia mezani. Nikasema moyoni, leo Somoe kibarua kimeota nyasi.

Mzee Nangonga hakunigombeza. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Newala, mfupi, maneno machache, shati limepigwa pasi kila siku ya Mungu, na penseli nyuma ya sikio. Alivuta fimbo ya droo, akaitoa ile kadi, akanipa kalamu nisahihishe namba. Halafu akaigeuza, na nyuma yake akaandika kwa penseli: "Hiki ni cha dini. Somoe alikuwa na njaa." Akairudisha mahali pake. Ikakaa humo miaka yote, na kila mfanyakazi mpya aliyeajiriwa alionyeshwa acheke.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kadi za maktaba nyingine nne zilikuwa na maandishi mbele tu, ila seti yetu ya Temeke ilikuwa na ya mbele na ya nyuma, na ya nyuma yote yalikuwa mkono wa Mzee Nangonga. Ungegeuza kadi ukute: "Kurasa za katikati zimeliwa na mchwa, mwambie msomaji kabla hajapanda kiti kukifuata." Nyingine: "Anacho mwalimu wa Mtoni. Usimdai mbele ya mkewe." Nyingine: "Wakati wa mitihani ficha nakala moja, watoto wa maskini huja jioni." Mtu akikopa kitu na kukipeleka kwingine, au kitu kikiharibika kikatolewa rafuni, mbele ya kadi haibadiliki, maana kitabu ni kilekile. Nyuma ndiyo inayokwambia kiko wapi leo.

Aliniambia siku moja, tunakunywa chai, kwamba mbele ya kadi ni ya mgeni, nyuma ni ya mwenyeji. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Kingine cha kwake kilikuwa wodi. Chini ya meza yangu palikuwa na sanduku la mbao, na humo ndimo tulimowalaza wagonjwa: vitabu vilivyong'oka mgongo, vilivyolowa, vilivyoraruka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvitibu, yaani kuvishona upya na kuvitia jalada, kazi aliyoiita kufunga. Gundi tulipika wenyewe, unga wa ngano na maji ya mwarobaini ili mende wasije wakala kazi yako, na uzi tuliupaka nta kwanza. Hilo liandikeni mahali, maana gundi za dukani hukauka na kuvunjika. Kila alipoleta mgonjwa alibana kikaratasi kwa pini ndani ya jalada la nyuma, kaandika ugonjwa na agizo. Nilikuwa napenda kazi ile kuliko zote.

Ikaja kompyuta. Wafadhili walitoa mashine na muda maalumu wa kumaliza, na mie nikateuliwa msimamizi wa kuhamisha katalogi yote ya umoja. Chumba kikawekewa kiyoyozi, na mlangoni tukawa tunavua viatu kama tunaingia msikitini, maana mtaalamu alisema vumbi ni adui. Meza ilikuwa fupi kwa ile skrini, shingo zikawa zinatuuma. Nikalivuta lile sanduku la wodi kutoka chini, nikalipandisha mezani, kompyuta ikakaa juu yake. Ikawa imefika usawa wa macho. Wagonjwa waliokuwemo nikasema nitawatibu tukimaliza.

Neema wakati huo alikuwa binti wa kuchapa, mmoja kati ya wanne. Siku ya pili tu aliinua mkono, kadi ameigeuza, akaniuliza, "Mama, huku nyuma kuna maandishi. Nayo tunaingiza?"

Mfumo ule haukuwa na sehemu ya kuyaweka. Ningeweza kuomba waiongeze, lakini kuomba ni kuandika barua, na barua ni mwezi mzima, nami nilikuwa na makabati na makabati ya kadi na wafadhili wananihesabia siku. Na kusema kweli, wanangu, nilikuwa pia nimelewa sifa. Nikamjibu mbele ya watu wote, "Mbele tu. Nyuma ni porojo za mzee."

Mzee Nangonga alikuwa palepale. Alibakiza wiki chache astaafu, walikuwa wamempa kiti karibu na dirisha na hakuna kazi. Alikuwa anachonga penseli. Hakuinua uso, aliendelea kuichonga mpaka ikawa fupi. Jioni wakati tunafunga milango ndipo aliponiambia.

"Somoe, nyie mnahama nyumba, mmebeba mlango."

Nikacheka. Nikamwambia baba, dunia inakwenda, na nikamsindikiza mpaka barabarani. Alifariki mwaka uliofuata kwao Newala. Sikuwahi kumwomba radhi, na nilikuwa na nafasi ya kumwomba kila siku kwa wiki nne.

Kadi zilipokwisha kuingizwa hatukuzitupa. Ingekuwa afadhali tungezitupa, mtu angeziokota zote pamoja. Maktaba ina ubahili wake wa karatasi. Tulizikata kila moja vipande viwili, tukaviweka kwenye makopo juu ya kaunta, ili msomaji akitafuta kitabu kwenye kompyuta aandike namba yake hapo. Watu wakaandika namba, wakaandika namba za simu, wakaandika bei za nyanya, wakavifanya alama za kushikia ukurasa, wakaondoka navyo wakatawanyika navyo mji mzima. Miaka mingi penseli ya Mzee Nangonga ilikuwa inatoka nje ya mlango wetu vipande vipande, nami nimekaa nikiona ninavyobana matumizi.

Mara ya pili mfumo ulipobadilika, kompyuta zile zilikuwa zimechoka, zinalia feni, na programu yake hakuna tena aliyejua kuitengeneza. Ukaja mfumo wa mtandaoni, katalogi mnayoiona mpaka kwenye simu. Mtaalamu alikuwa kijana mpole, shikamoo nyingi, akanieleza kwamba mfumo mpya hautambui kitu kisicho na bakodi, ile stika ya mistari. Rekodi zisizo na stika aliziita rekodi mfu. Alinichapishia orodha yake, akaniomba niipitie nisaini ndipo azifute.

Sasa fikirieni ni vitu gani visivyokuwa na stika. Stika tulibandika vitabu vya kuazimisha. Vile ambavyo haviazimishwi, barua za watu, ramani za kuchora kwa mkono, madaftari ambayo familia zilituletea tuyatunze, hivyo hatukubandika kitu. Kwa maneno mengine, orodha ile ilijaa vitu ambavyo havina nakala nyingine duniani. Nilipitia kurasa mbili. Ilikuwa mchana, joto, na jioni nilikuwa na shughuli ya kumfunda mpwa wangu anayeolewa. Kurasa zile mbili zilikuwa magazeti ya zamani ambayo nakala zake nyingine tulikuwa nazo. Nikaona zote ni hivyo, nikasaini.

Hapa nisimame niwape la kazi, maana ndilo mliloniomba. Ukiletewa orodha ya kufuta usianze ukurasa wa kwanza. Kila mtu huanzia mwanzo, kwa hiyo mwanzo huwa safi. Anza katikati, halafu nenda mwisho. Chukua rekodi kumi, simama, nenda rafuni ukavishike vitu vyenyewe kwa mkono. Kisha chukua vitu kumi rafuni, rudi kwenye mashine uone kama vimo. Ukikuta kimoja tu hakimo, kazi yote isimame. Itachukua siku mbili, na watawaona wazembe. Kubalini kuitwa wazembe.

Miezi michache kabla sijastaafu alikuja mama mmoja kutoka Kimbiji, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, baibui limejaa vumbi la njiani. Jina lake Mwanaidi. Alikaa, akanywa maji, ndipo akaeleza. Baba yake alikuwa msimamizi wa makaburi ya mtaa mmoja pale Kurasini, zamani. Eneo lile lilipochukuliwa ili pakae makontena, makaburi yakahamishwa ng'ambo, upande wa Kigamboni, kwenye uwanja mpya, na hayakuwekewa majina, ni mawe matupu. Baba yake ndiye aliyeandika kila mmoja alipolazwa, safu gani, hatua ngapi kutoka kisimani. Madaftari matatu. Mama yao akina Mwanaidi alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Watoto walikuwa wadogo, wanalelewa Kimbiji, hawakuwepo siku hiyo. Na baba, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa inavuja, aliyapeleka madaftari maktaba yakatunzwe, kisha akafa ghafla.

"Dada, kaka yangu Shabani haponi," akaniambia. "Anachoomba ni kulazwa karibu na mama, na hatujui mama yuko wapi."

Nikafungua mfumo. Hakuna. Nikatafuta kwa jina la baba yao, kwa mtaa, kwa neno makaburi, kwa neno daftari. Hakuna. Na mie nilikuwa naikumbuka kadi ile, niliichapa kwa mikono yangu, "Madaftari ya makaburi, Kurasini, mkono, matatu." Nikamwambia anipe siku chache.

Tuliitoa stoo ile kompyuta kuukuu, tukaiwasha, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua na haikusema kitu. Nikaenda Kigamboni, kwa sababu vitu vilivyoandikwa kwa mkono vya upande wa ng'ambo vilikuwa vinatunzwa huko, kabati la chini. Kabati lilikuwepo. Ndani kulikuwa na viti vya plastiki vilivyopandana. Mhudumu, kijana mwenye adabu, akanieleza kwamba mfumo mpya ulipokuja waliagizwa kuondoa kila kisichokuwemo, na vile vya mkono vilichakaa sana, muuza karanga akavichukua. Aliona uso wangu umebadilika, akajitetea kwamba kwenye mfumo havikuwemo. Sikumlaumu. Mwenye kuvitoa kwenye mfumo ni mie, saini yangu ipo.

Wakati huo wote Mwanaidi alikuwa ananitumia ujumbe kila asubuhi baada ya sala: shikamoo dada, umeona chochote. Alisema Shabani akifumbua macho swali lake ni hilo. Siku ya nane nikampigia, nikamwambia ukweli kama nilivyoujua, kwamba madaftari yote matatu yamepotea na makosa ni ya maktaba. Nilisema ya maktaba. Akanishukuru kwa kuhangaika. Siku nne baadaye ujumbe ukaja kwamba Shabani ametangulia mbele ya haki, wamemzika Kimbiji, nyuma ya msikiti, palipopatikana nafasi.

Wiki mbili zikapita. Neema alikuwa anapokea vitabu kaunta, kikarudi kimoja cha kilimo cha matikiti kilichokaa nje miaka, mwenyewe kafa, watoto wakakirudisha. Ndani yake kulikuwa na alama ya ukurasa. Neema ana tabia moja niliyotaka kumwachisha siku ile ya pili ya kompyuta, ya kugeuza kila kitu aone nyuma. Alikuja mezani kwangu polepole, akanikabidhi hiyo alama. Ilikuwa nusu ya kadi. Mbele, kwa chapa ya taipureta yangu: "Madaftari ya makaburi, Kurasini." Juu yake mtu kaandika kwa wino namba ya kitabu cha matikiti. Nikaigeuza. Penseli ilikuwa imefifia, lakini ule mkono ningeusoma hata gizani.

"La 1 na la 2 Kigamboni. La 3 kwa Somoe, kufungwa."

Niliinuka kama mtu aliyeitwa. Lile sanduku la wodi halikuwa limeondoka mezani. Kompyuta ya kwanza ilikaa juu yake, ya pili ikakaa juu yake, hata siku ile natafuta kwa jina la baba, kwa mtaa, kwa neno makaburi, mikono yangu ilikuwa kwenye kibodi, na sanduku liko mbele ya kifua changu. Tulishusha skrini. Mfuniko ulikuwa umeganda, Neema akaufungua kwa rula ya chuma. Juu kulikuwa na vitabu vya shule vilivyokwisha mgongo. Chini yake daftari moja kubwa, jalada la kijani limeng'oka, karatasi nzima kabisa. Mende hawakugusa hata ukurasa. Nilikaa chini pale sakafuni na kulia kwa sauti, na wasomaji wakanyamaza wakidhani nimepata msiba.

Nililishona daftari lile usiku na mchana wa siku mbili, kwa uzi wa nta, kama nilivyofundishwa. Nikaweka jalada jipya la mbele, maana ndilo lililokuwa limeng'oka. La nyuma lilikuwa imara, nikaliacha lilivyo. Halafu nikachukua safari ya Kimbiji, na barabara ile mnaijua, unafika mifupa imehama.

Mwanaidi alinikaribisha kibarazani. Nikamwamkia, nikampa pole upya, nikatoa daftari. Alilishika kwa mikono miwili, akaunusa mwandiko wa baba yake kabla hajausoma. Kisha akaniuliza lilikuwa wapi.

Wanangu, njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nikafungua mdomo, nikasema lilikuwa Kigamboni, limeangukia nyuma ya kabati, ndiyo maana hatukuliona.

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kupekua, kidole kwenye mstari, anasoma majina ya majirani wa utotoni kwa sauti ndogo. Akafika. Safu ya nne, hatua tisa kutoka kisimani, Mama Shabani. Na chini yake baba aliandika kwamba upande wa kushoto pameachwa wazi. Mwanaidi alirudia mstari ule mara tatu. Kisha akaendelea kupekua, sijui alikuwa anatafuta nini tena, mpaka karatasi zikaisha akafika jalada la nyuma, lile ambalo sikulifungua.

Palikuwa na kikaratasi kimebanwa kwa pini yenye kutu. Alikisoma. Akakisoma tena. Akaniangalia.

"Somoe si ndiye wewe?"

"Ndiye mie," nikamjibu.

Nikamweleza yote basi, sanduku, kompyuta, kadi, porojo za mzee, yote haya niliyowaandikia, na sikuwa na ujasiri wa kumtazama. Nilipomaliza alichomoa ile pini taratibu asichane jalada, akaniwekea kikaratasi kiganjani. Alisema hiki ni chako, dada. Akaliviringisha daftari kwenye kanga yake, akaingia ndani. Nilijua nimefukuzwa, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Akarudi na chai na mihogo ya kuchemsha, akaniambia nile, safari ya kurudi ni ndefu. Nikala mbele yake mpaka nikamaliza. Hajanipigia simu tangu siku hiyo, nami sijathubutu kumpigia.

Picha yangu pale mapokezi iteremsheni. Neema atawakabidhi bahasha, ndani yake mna kile kikaratasi, kitundikeni palepale penye msumari. Kina maneno machache ya Mzee Nangonga: "Somoe, lifunge hili kwanza. Lina watu." Kabla hamjabonyeza kufuta chochote, simameni hapo mkisome, halafu mkigeuze. Nyuma yake hakuna kitu, hicho nimekigeuza mwenyewe.